Sauti ya Nne ya Mzee wa Reli

Kazi yangu ni kupiga kinanda kwenye harusi. Nimeifanya hapa Dodoma kwa miaka kumi na mmoja, na imenipa chakula, marafiki na maumivu ya mgongo. Lakini mtu akiniuliza ni ala gani ninayoipenda kuliko zote, simtajii kinanda. Namwambia ni mluzi. Wengi hucheka wakidhani natania, kisha wanasubiri nitaje ala ya kweli.

Sitanii. Nasema mluzi huu huu wa midomo, ambao utingo anaupiga kumwambia dereva asimame na mashabiki wanaupiga refa akikosea. Nimeupiga tangu nina miaka saba, nikiosha vyombo, nikianua nguo, nikiwa kwenye foleni ya benki mpaka mlinzi anikoholee. Hauhitaji umeme wala mfuko wa kuubebea. Ukiamka salama, nao umeamka.

Aliyenifundisha ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, kule Kibakwe. Alikuwa na mbuzi, alikuwa na shamba la vitunguu kwenye mteremko, na hakuwa na mume, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwambia anyamaze. Kwetu mtoto wa kike kupiga mluzi lilikuwa jambo la kukemewa. Mama alisema ni tabia ya wahuni, tena ukiupiga ndani ya nyumba unaita nyoka. Nilipompelekea shangazi hoja hiyo ya nyoka, alifikiri kidogo akasema nyoka hana masikio, labda mama yako anamfikiria mnyama mwingine.

Siku ya kwanza nilimwona amesimama juu ya jiwe, akawaita mbuzi waliokuwa ng'ambo ya korongo, na mbuzi wakaja. Nami nikataka. Nilipuliza mpaka nikapata kizunguzungu, na kilichotoka kilikuwa upepo na mate. Alinitazama hivyo siku mbili, siku ya tatu akanishika kidevu.

"Unapuliza kama mtu anayezima kibatari," aliniambia. "Hewa yenyewe ina haraka ya kutoka. Wewe ifungulie mlango tu."

Akanionyesha mahali pa kuweka ncha ya ulimi, nyuma ya meno ya chini, na namna ya kuupiga huku ukivuta pumzi ndani ili wimbo usikatike unapohema. Nimehudhuria mafunzo mengi ya muziki baada ya hapo, mengine yenye vyeti. Hakuna lililonifaa kama lile la juu ya jiwe.

Kinanda nilikijua baadaye, nilipohamia mjini na kujiunga na kwaya. Kutoka kwaya nikachukuliwa na bendi. Tuko sita. Kiongozi wetu ni mpiga gitaa, mtu wa makamo, mpole kwa kila mtu isipokuwa anayechelewa mazoezi. Tunafanyia mazoezi Majengo, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la nafaka, ambako vumbi la mtama hutua juu ya vibonye vya kinanda changu hata nikivifuta kila baada ya wimbo mmoja.

Mluzi uliingia kwenye bendi bila mtu kuukaribisha. Mpiga saksafoni wetu alipata kazi Dar es Salaam akaondoka, na kwenye wimbo mmoja tuliokuwa tukiupenda sana pakabaki pengo, pale ambapo saksafoni ilikuwa ikimjibu mwimbaji. Tulipofika kwenye pengo hilo, mikono yangu ikiwa kwenye kinanda, nilijikuta nimeupiga mluzi. Sikukusudia. Kiongozi akasimamisha wimbo, akageuka, akauliza nani ameleta filimbi.

Nilipokiri, hakufurahi. Alisema mluzi mbele ya wazee ni kuwakosea heshima, tena mluzi wa mwanamke. Mwimbaji wetu, dada mmoja asiyejua kukubali jambo ambalo halitaki, alinitetea. Alisema yeye ndiye anayejibiwa kwenye wimbo ule, na jibu lile amelipenda. Wakabishana mpaka wakakubaliana tujaribu mara moja tu, kwenye harusi ndogo, na mzee mmoja akinuna yatakuwa yamekwisha.

Wazee hawakununa. Aliyepata taabu siku ile ni fundi mitambo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mafundi mitambo, spika ikianza kurudisha kelele zake yenyewe, husema inapiga mluzi, na kazi yao ni kuukata mluzi huo kabla haujawaumiza watu masikio. Basi aliposikia sauti nyembamba imepanda ukumbini, aliruka kutoka kitini. Akashusha hiki, akapandisha kile, akaninyamazisha kabisa. Mimi nikasogea karibu na maiki, sauti yangu ikarudi. Akaikimbilia spika ya kushoto, akaigeuza ikatazama ukuta. Wimbo ulipokwisha alinijia anatoka jasho, akaniomba radhi kwa niaba ya vyombo vyake. Nilipomwambia kwamba aliyekuwa akilia ni mimi, alikaa juu ya boksi la nyaya akaniuliza kama nina mpango wa kurudia.

Tulirudia, mara nyingi. Nikajifunza kuishusha maiki chini ya kidevu ili upepo usiivamie. Nikajifunza pia kwamba adui wa mpiga mluzi hapa kwetu ni ukavu. Kipupwe cha Dodoma kikianza kuvuma, midomo inapasuka kama tope la mbuga, na mdomo uliopasuka hautoi sauti safi. Kwenye mkoba wangu sikosi maji na kopo la mafuta ya mgando.

Mwaka jana, katika miezi hiyo hiyo ya upepo, alikuja binti mmoja kwenye chumba chetu cha mazoezi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amevaa nguo zisizo na makuu, na alingoja tumalize wimbo ndipo akaamkia. Alisema anaolewa baada ya wiki mbili. Alikuwa amenisikia kwenye harusi ya mwalimu mwenzake, na alitaka nipige mluzi wakati yeye anaingia ukumbini. Kiongozi akamuuliza wimbo gani. Akasema si wimbo hasa, ni mluzi wa baba yake.

Tukamkalisha juu ya gunia, akatueleza. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, wa kukagua njia, na nyumba yao ilikuwa Ihumwa, si mbali na njia yenyewe. Kila jioni akirudi kazini alitembea kando ya reli akipiga mluzi mmoja tu, wenye sauti sita. Mama akiusikia huteleka maji ya kuoga. Watoto wakiusikia hukimbia kumpokea, au hukimbia kumaliza kazi walizokuwa hawajafanya. Miaka miwili iliyopita mzee alipata kiharusi. Anatembea kwa fimbo, anaelewa kila kitu, lakini upande mmoja wa mdomo umelegea, maneno yanatoka machache, na mluzi hautoki kabisa. Binti alitaka aingie ukumbini ameshikana mkono na baba yake, wakifuata mluzi ule.

Nilimwomba auimbe. Akajaribu mara tatu, na kila mara ulitoka tofauti. Akasema anaujua kabisa kichwani, ila mdomoni haukai. Tukakubaliana nitakwenda Ihumwa Jumamosi nikajifunze kwa mwenyewe. Kiongozi aliniuliza baadaye nitajifunzaje mluzi kwa mtu asiyeweza kuupiga. Nikamwambia tutaona.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo nilivunja jino.

Sina wa kumlaumu. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa duka la nafaka nakula ubuyu. Tangu utotoni nina tabia ya kuipasua mbegu yake kwa meno ya mbele nile kiini cha ndani. Mbegu ile haikupasuka. Nililopasua ni jino la juu, la mbele kabisa, likakatika mshazari nusu nzima, nikaliona liko kiganjani katikati ya mbegu nyekundu. Halikuuma sana. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kusukutua, ni kujaribu mluzi. Ilitoka hewa tupu, kama tairi la baiskeli.

Nilimficha kiongozi kwa muda wa nusu saa hivi, nikizungumza mkono ukiwa mdomoni. Kisha akaniuliza jambo lililohitaji nijibu "sawasawa," na neno hilo likaniumbua. Hakukasirika. Alisema tusihangaike, kinanda changu kina sauti ya filimbi humo ndani, niupige mluzi wa mzee kwa vidole, nani atajua. Nilimjibu kwamba labda hivyo ndivyo itakavyokuwa. Daktari wa meno nilimpata kwa simu, lakini alikuwa na watu mpaka wiki iliyofuata. Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Ihumwa na jino nusu, nikiwa nyuma ya bodaboda, nimekumbatia kinanda kidogo cha betri.

Mama wa bibi harusi alinipokea mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama mdomo, akawa na adabu ya kutouliza. Mzee alikuwa barazani kwenye kiti cha kamba, mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, fimbo katikati ya magoti. Shikamoo yangu ilitoka na upepo mwingi. Marahaba yake ilitoka polepole, imeinama upande mmoja. Tulitazamana. Nadhani kila mmoja alielewa kwamba mwenzake leo hayuko kwenye ubora wake.

Nikafungua kinanda, nikamweleza nilichokuja kukifanya. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nilikuwa nimeandika namna tatu za binti yake. Nitazipiga, yeye atakubali au kukataa. Ya kwanza alikataa kwa kidole. Ya pili akaitikia kwa kichwa mpaka sauti ya tatu, kisha akakunja uso. Nikabadilisha sauti ya nne. Akatikisa kichwa. Nikapanda kibonye kimoja. Akatikisa tena. Nikashuka, nikapanda, nikashuka. Kibonye cheupe kilikuwa chini mno kwake, na cheusi kilichokifuata kilikuwa juu mno. Mzee akaanza kuhema kwa hasira, akainua mkono wake mzima akauweka hewani, kiganja chini, akausogeza juu kidogo sana, unene wa kidole.

"Juu," alisema.

Nikabonyeza cheusi.

"Si... hiyo."

Mke wake, aliyekuwa akichambua mboga pembeni, alisema anataka iliyo katikati. Nikamwambia mama, katikati hapa hakuna kitu. Akasogea akakitazama kinanda changu vizuri, akasema basi hicho chombo kina upungufu.

Alisema kweli. Ndipo nikaelewa ni sauti gani mzee anaitaka. Ni ile iliyo kwenye zeze na marimba za mkono za huku kwetu, ambayo wazee huiimba bila kufikiri na ambayo haimo kwenye vinanda vinavyotoka viwandani. Vinanda vikubwa vina kigurudumu cha kupindia sauti, lakini changu kile kidogo hakikuwa nacho. Kwaya zetu mjini huimba nyimbo hizo hizo za kienyeji kwa kufuata kinanda, zinatoka zimenyooshwa, na watu wa vijijini wakizisikia husema ni nzuri lakini zina baridi. Mzee wa reli alikuwa amekulia kwenye zeze. Mluzi wake ulikuwa na sauti ya zeze katikati yake, na binti yake hakuweza kuuimba kwa sababu amefundishwa muziki shuleni.

Nikakizima kinanda. Nikaomba maji, nikanywa, nikapaka mafuta midomo, nikaupiga kwa mdomo nilionao. Ulitoka vibaya. Kila sauti ilikuja imefunikwa na hewa iliyokuwa ikivuja kwenye jino. Lakini mluzi hauna vibonye. Nilipofika kwenye sauti ya nne nilipanda polepole, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi, macho yangu kwenye mkono wa mzee. Mkono ukapanda nami. Ukasimama. Nikasimama hapo hapo.

Akafumba macho. Nikarudia kuanzia mwanzo, nikaipata tena. Safari ya tatu jino likanisaliti, badala ya sauti ya mwisho nikatoa mlio kama wa birika, na mate yakamfikia mzee kwenye shati. Akacheka. Alicheka kwa nusu ya uso, na alipojitambua akauziba mdomo kwa mkono. Nami nilikuwa nacheka, na nami nilikuwa nimeuziba wangu.

Mke wake akatutazama sote wawili. "Toeni hiyo mikono," alisema. "Hapa kila mtu ana mdomo wake."

Tukaitoa. Nilikaa pale mpaka saa nane mchana, nikala ugali na mlenda, na kila baada ya muda mzee aliinua mkono nami nikaupiga mluzi. Wakati wa kuondoka aliniita, akatafuta maneno kwa muda mrefu. Nilidhani ananishukuru. Alikuwa akiniambia nisichelewe kwenye sauti ya pili.

Daktari wa meno alinipokea siku ya Jumatano. Ni mtu wa Kondoa, ana kofia ya viua na sauti ya upole. Aliitazama nusu ya jino langu akasema si tatizo, atalijenga kwa dawa nyeupe inayoganda kwa taa, hakuna atakayejua. Nikamweleza kwamba mimi sihofii kujulikana. Nahitaji jino ambalo hewa italikubali. Aliniuliza namaanisha nini, nikamweleza yote, harusi, mzee, sauti ya nne. Alinisikiliza hadi mwisho huku ameshika kioo chake kidogo.

"Mimi kwa kawaida humuuliza mgonjwa kama anaweza kutafuna," alisema.

"Kutafuna nitajifunza mwenyewe, daktari."

Akalijenga, akaligandisha, akanikalisha wima akaniambia nijaribu. Upande mmoja wa midomo ulikuwa bado umekufa ganzi, kwa hiyo tukalazimika kungoja. Akamhudumia mgonjwa mwingine, akarudi. Nikaupiga. Sauti ilitoka, lakini nyuma yake kulikuwa na msonyo mwembamba, sss, kama kuna mtu ananidharau. Akasema jino ni refu mno. Akalisaga kidogo. Nikajaribu, msonyo ukapungua. Akalisaga tena. Watu waliokuwa wakingoja kwenye korido walikuwa wakisikia mashine, kisha mluzi, kisha mashine, kisha mluzi. Nesi alinisimulia baadaye kwamba mama mmoja aliyekuwa na hofu kubwa alitulia kabisa, akisema kama wanatoka humo wakipiga mluzi basi hakuna maumivu.

Safari ya nne daktari aliinama kutafuta kitu kwenye droo, na bila kujua akaanza kuupiga mluzi ule wa mzee, aliousikia mara nyingi kiasi hicho asubuhi moja. Aliupiga vizuri, mluzi laini wa mtu ambaye ameuficha miaka mingi. Ila sauti ya nne aliishusha. Sikuweza kujizuia.

"Juu kidogo," nilimwambia.

Akageuka ameona haya. Kisha akairudia, juu kidogo, akaipata. Alisema mke wake hataki kabisa kuusikia nyumbani. Nikamwambia na mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Alimalizia jino langu kwa karatasi laini ya kusugulia, na nilipoupiga mara ya mwisho msonyo ulikuwa umekwisha.

Harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata, ukumbi ulijaa kabla jua halijazama. Tulikuwa tumepanga vizuri. Kutoka mlangoni mpaka jukwaani ni hatua kama arobaini, na kwa kawaida bibi harusi huzitembea kwa muda wa wimbo mmoja. Nilihesabu kwamba mluzi wa sauti sita ukiurudia mara kumi na mbili hivi, utakuwa umemfikisha. Bendi ingenyamaza kabisa. Fundi mitambo alikuwa amehakikisha mara mbili kwamba yote atakayoyasikia ni mimi.

Mlango ukafunguliwa. Binti akaonekana, na kando yake mzee wa reli ndani ya suti ya kijivu, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili kwenye mkono wa mwanawe. Nikaanza. Nilikuwa nimesahau jambo moja kubwa. Nilikuwa nimepima hatua za bibi harusi, na sikupima hatua za mtu aliyepata kiharusi. Mzee alikuwa akipiga hatua moja, anapumzika, anapiga nyingine. Mara kumi na mbili zangu zilikwisha hawajafika kwenye meza za pili. Nikaendelea. Ukumbi ulikuwa kimya, vigelegele vilikuwa vimepigwa mwanzo vikaisha, na sasa watu wote walikuwa wanamsikiliza mtu mmoja anapiga mluzi. Niliuvuta ndani, nikautoa nje, bila kukata. Midomo ikaanza kukauka. Maji yalikuwa miguuni na sikuwa na namna ya kuinama.

Katikati ya ukumbi mzee akasimama kabisa.

Watu wakadhani amechoka. Vijana wawili wa kamati wakachomoka na kiti, wakamwekea nyuma yake. Akawasukuma kwa kiwiko. Alimwachia binti mkono, akauinua wake hewani, kiganja chini, mbele ya wageni wote, akausogeza juu, unene wa kidole.

Nilikuwa nimeshuka. Uchovu ulikuwa umeivuta sauti ya nne chini kidogo kidogo, mpaka ikawa ile ya kibonye cheupe, na katika ukumbi ule wa watu mia kadhaa ni mimi na yeye tu tuliojua. Nikalamba midomo, nikaanza upya, nikapanda. Mkono wake ulibaki juu hadi alipohakikisha. Kisha akaushusha, akamrudishia binti, akaendelea kutembea.

Binti alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na vipodozi vyake viliharibika kabisa. Mama yake, aliyekuwa mbele, alikuwa amesimama wima akitazama mlangoni kama vile kuna maji jikoni yanayochemka. Sijui niliupiga mara ngapi. Kiongozi wetu anasema yeye aliacha kuhesabu. Walipofika jukwaani na mzee akakalishwa, nilifunga mdomo nikakuta damu kwenye mdomo wa chini, umepasuka, na sikuweza kupiga mluzi kwa siku nne. Wimbo uliofuata, uliohitaji mluzi, tuliupiga kwa gitaa.

Tangu hapo huwa nakwenda Ihumwa Jumamosi zisizo na harusi. Si kwa sababu yoyote ya maana, ila mama wa nyumba ile anapika mlenda ambao sijaupata pengine, na mzee ni mwalimu mkali ambaye sijapata kuona mfano wake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amemwagiza kila siku ajaze hewa mashavuni na kupuliza, naye alikuwa amekataa akisema ni mchezo wa watoto. Sasa anakubali, kwa sharti kwamba nami nikae mbele yake nifanye. Tunakaa barazani, watu wazima wawili, tunajaza mashavu, tunapuliza. Mluzi wake haujarudi. Daktari wake hajamwahidi kwamba utarudi, naye hauulizii. Chai anakunywa bila kuimwaga, na maneno yameongezeka, mengi yakiwa ya kunikosoa.

Juzi aliniambia kwamba mluzi wa kurudi nyumbani ulikuwa ule mfupi. Kuna mwingine aliokuwa akiupiga asubuhi wakati wa kwenda kazini, mrefu zaidi, ambao nyumbani hawakuwahi kuusikia kwa sababu aliuanza akiwa mbali njiani. Mke wake alisema yeye hajawahi hata kujua kama kuna huo wa asubuhi. Tumeanza kuutafuta, mkono wake hewani, mimi na midomo yangu yenye mafuta. Una sauti kumi na tisa kwa hesabu yake, na mpaka sasa tumekubaliana juu ya saba.